Namna ya kumsemea ndugu yako aliyeoana na wa jinsia yake: dakika tatu mbele ya ukoo

Juni 2022 niliuchapa wasifu wa baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nafanya kazi kwenye steshenari karibu na soko la Kilombero, Arusha. Kazi zetu kubwa ni kadi za michango, kadi za mwaliko, mitihani ya shule za msingi, na wasifu wa marehemu. Baba mkubwa alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi aliyoiandika kwa peni, nikakaa nayo kwenye kompyuta usiku ule maana maziko yalikuwa keshokutwa, kijijini Kibosho, Kilimanjaro. Mstari wa mwisho ulisema: "Marehemu ameacha mjane na watoto watatu."

Sisi ni wanne. Nilijua ni nani ameachwa, na nilijua kwa nini. Nikachapa "watatu". Nikatoa kopi 200.

Kaka yangu, mtoto wa pili, anaishi Cape Town. Mwaka 2019 alioana na mwenzake, mwanamume kama yeye, kihalali kabisa kwa sheria ya Afrika Kusini. Msibani hakuja. Wiki moja baadaye aliniomba nimtumie ule wasifu. Nikautuma. Alijibu neno moja tu: "Watatu?"

Haya ninayoandika ni niliyojifunza tangu neno lile hadi Desemba 2023, siku niliyosimama kwenye kikao cha ukoo nikasema. Nakuandikia wewe kijana mwenye ndugu au rafiki wa namna hiyo, ambaye kila linapotajwa jina lake sebuleni unainamia sahani. Msimamo wangu siuzungushi: naamini kaka yangu na mwenzake wana haki ileile ya ndoa ambayo ningeipata mimi nikiolewa kesho. Lakini kuamini ni jambo moja, na kulisema bila kumwumiza unayemtetea ni jambo lingine. Hilo la pili linahitaji kujifunza.

Ruhusa kwanza

Kabla ya kumwambia mtu yeyote lolote, muulize mwenye habari yake. Si kwa kumdokeza. Muulize waziwazi: niseme nini, kwa nani, na kipi nisikiseme kabisa? Kaka yangu alinipa mipaka mitatu. Nisitaje jina la mwenzake. Nisionyeshe picha ya harusi yao. Na nisiseme anafanya kazi wapi, kwa sababu kuna watu wa kwetu wengi kule na habari husafiri haraka kuliko basi.

Kama unayetaka kumtetea yuko hapahapa Tanzania, na familia haijui, basi habari yake si yako kuisema. Hata kama unampenda. Hata kama una uhakika mama yake ataelewa. Zungumza kuhusu watu kwa jumla, kuhusu sheria, kuhusu kaka wa mtu wa nchi nyingine, lakini yeye muache alipo. Mwaka 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza hadharani kwamba anaunda kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja na akawataka wananchi wampelekee majina yao. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema baadaye kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, lakini siku zile watu walikuwa wameshahama nyumba. Jina likishatoka mdomoni halirudi.

Na usilianzishe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. La kwetu lina watu zaidi ya 100, wengine sijawahi kuwaona. Picha ya skrini inachukua sekunde moja. Mambo ya mtandaoni yana kanuni zake pia, zile za maudhui za mwaka 2020, na orodha ya yaliyokatazwa ni ndefu. Sema kwa mdomo, mbele ya watu unaowaona macho.

Ijue sheria kabla hujafungua mdomo

Hapa vijana wengi wanaumbuka, kwa sababu wanachanganya mambo mawili. Liko suala la ndoa, na liko suala la jinai.

Ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao. Kwa hiyo ndoa ya kaka yangu hapa kwetu haitambuliki. Jinai: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inazungumzia tendo la kujamiiana "kinyume cha maumbile", na adhabu yake inaanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Ukali huo uliingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Usimdanganye mtu kwamba "siku hizi hawafuatilii". Kaka yangu anajua hivyo vifungu kwa kichwa, ndiyo maana hakupanda ndege kuja kumzika baba yake.

Halafu jua na upande wa pili. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Kusema "naona sheria hii ingebadilika" ni maoni. Kumwelekeza mtu afanye lililokatazwa ni kitu kingine, usikikaribie.

Na sheria ya ndoa si jiwe. Hiyohiyo ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, na Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, akaenda Mahakama Kuu kuipinga. Mwaka 2016 akashinda, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia ushindi ule. Mtaje kama mfano wa kijana aliyeisemea sheria ya ndoa, lakini uwe mkweli: kesi yake ilihusu umri wa wasichana tu. Usimbebeshe mzigo usio wake.

Naishi mji wenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Iko kwenye majengo ya TANAPA, barabara ya Dodoma. Daladala zinapita pale kila siku na wengi hatujui kinachoendelea ndani. Mwananchi wa Tanzania aliwahi kuweza kuipeleka serikali yake pale moja kwa moja. Serikali ikaiondoa ridhaa hiyo, ilani ikatolewa Novemba 2019 na kuanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Nakwambia hili usije ukamwahidi mzee kwamba "tutakwenda mahakama ya Arusha". Ila Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wenyewe bado unatufunga, na ibara ya 28 inasema kila mtu ana wajibu wa kumheshimu na kumjali mwenzake bila ubaguzi. Neno "wajibu" wazee wanalielewa kuliko neno "haki". Nimelijaribu.

Ingia kwa mlango wa jikoni

Mtu asikudanganye kwamba ujasiri ni kusimama siku moja na kulipua. Siku ya kikao, nusu ya waliokuwepo nilikuwa nimeshaongea nao mmoja mmoja.

Nilianza na shangazi, dada yake baba. Nilimpata Novemba, akimenya ndizi za mtori. Nikamenya naye. Sikumwambia habari ya ndoa wala ya sheria. Nilimwambia kwamba kaka aliuliza "watatu?" na mimi sikuwa na jibu. Alinyamaza mpaka sufuria ikajaa. Halafu akasema, "Mimi nilisikia wakati wanasoma. Nilihesabu kwenye vidole." Kumbe hakuwa ameafiki. Hakuna aliyemuuliza.

Kisha nikaenda kwa bibi. Bibi ana zaidi ya miaka 80, na wote waliniambia nisimguse kwa habari hiyo, nitamuua. Nikamwambia kwamba mjukuu wake anaishi na mwenza, na huyo mwenza ni mwanamume. Bibi akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula, na huyo mwenzake anajua kupika. Akauliza kama kule kuna baridi. Basi, yakaisha.

Nguvu ya kwenda kwa bibi niliipata kwenye habari za Ireland. Tarehe 22 Mei 2015 nchi ile, ya Kikatoliki kama Kibosho yetu, ilipiga kura ya maoni kuhusu ndoa za jinsia moja, na asilimia 62 wakakubali. Kabla ya kura, wanafunzi wa Trinity College mjini Dublin walianzisha kampeni ya kuwapigia simu bibi zao. Hawakuwa na hotuba. Ilikuwa ni kijana na simu, anamuuliza bibi yake habari za nyumbani, kisha anamwomba apige kura ya ndiyo. Wengine waliokuwa wakifanya kazi nje ya nchi walirudi nyumbani kwa ndege na meli ili wapige kura. Sisi hatuna kura ya namna ile. Bibi tunao.

Kwa hiyo panga safari yako hivi: anza na yule aliyehesabu kwenye vidole. Kila ukoo unaye. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi hakai kiti cha mbele. Yeye atakwambia nani wa kumfuata baadaye na nani wa kumuacha kabisa.

Dakika tatu zenyewe

Tarehe 31 Januari 2011, kijana wa miaka 19 aitwaye Zach Wahls, mwanafunzi wa uhandisi, alisimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo la Iowa, Marekani. Mahakama ya Juu ya jimbo lile ilikuwa imeruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2009, na sasa wabunge walitaka kubadilisha katiba ya jimbo ili kuzizuia. Wahls amelelewa na mama wawili. Alisema kwa kama dakika tatu.

Nimesikiliza maneno yale mara nyingi, nikiwa na peni, kwa sababu nilitaka kujua yamejengwaje. Alianza kwa kueleza yeye ni nani: familia yake iko Iowa kizazi cha sita. Akawataja mama zake kwa majina. Akasema mmoja anaumwa maradhi ya neva yaliyomfikisha kwenye kiti cha magurudumu. Akataja alama zake za mtihani, uskauti wake, biashara yake ndogo. Akamgeukia mwenyekiti akamwambia kwamba kama angekuwa mwanawe, angemwonea fahari. Mwisho akasema kwamba jinsi wazazi wake walivyo haikuharibu kitu katika tabia yake. Hakutukana. Hakusema "ninyi washamba". Hakuna sentensi mle ambayo mtu mwingine angeweza kuisema badala yake.

Na kesho yake wabunge walimshinda. Hoja ilipita kwa kura 62 dhidi ya 37. Ila Seneti ya jimbo haikuijadili kamwe, ikafa, na mwaka 2018 kijana yule alichaguliwa kuingia katika Seneti hiyohiyo. Ukisema leo, usihesabu mikono leo.

Sasa nikuonyeshe karatasi zangu. Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Wazee wangu, katika karne hii ya 21 dunia imepiga hatua kubwa katika kutambua haki za makundi mbalimbali." Niliisoma kwa sauti dukani baada ya kufunga mlango, saa ya simu ikihesabu. Dakika nne na sekunde 40. Na nilipofika mwisho sikuwa nimemtaja kaka yangu hata mara moja. Nilikuwa nimeitaja Uholanzi, iliyoanza mwaka 2001. Nilikuwa nimeitaja Taiwan. Nani Kibosho anamjua mtu wa Taiwan?

Nikakaa nikajiuliza: mimi ninachokijua hapa ambacho wengine wote hawakijui ni kipi? Nikajua ni ule wasifu. Mimi ndiye niliyeuchapa. Kosa lilipitia vidoleni mwangu.

Kwetu Uchagani, mtu akitaka kuomba radhi anakwenda na jani la isale. Ni ule mmea wa kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ukilileta, mzee hawezi kukufukuza bila kukusikiliza. Basi nikaamua sitakwenda kuwashitaki. Nitakwenda kuomba radhi kwa kosa langu, na kosa langu ndilo litakalowaonyesha lao. Hii ndiyo karatasi niliyobaki nayo, A4 moja, herufi za 14:

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu. Ndimi niliyechapa wasifu uliosomwa siku ya maziko. Nimekuja na isale kwa sababu kwenye wasifu ule niliandika uongo. Niliandika kwamba baba ameacha watoto watatu. Ameacha wanne. Wa pili yuko Cape Town. Ndiye aliyekuwa akibeba maji ya kahawa za kihamba hiki mwaka ule mfereji ulipokauka. Ndiye aliyelipia vipimo vya baba, na baba alijua fedha zinatoka wapi. Mnajua pia kwamba ameoana na mwanamume mwenzake. Sikuja kuwaomba mkubaliane na hilo leo. Mimi nakubaliana nalo, na nawaambia mwenyewe msije mkasikia kwa watu. Ninachoomba ni kimoja. Kwenye kibao cha kaburi na kwenye daftari la ukoo, watoto wa marehemu waandikwe wanne, maana aliwazaa wanne. Nimemaliza. Ahsanteni."

Angalia vitu vichache mle. Kuna kitu cha mikono: maji, kahawa, mfereji. Kila aliyekuwepo aliwahi kumwona akipita na zile ndoo. Kuna msimamo wangu, umesemwa mara moja, haukurudiwa. Na kuna ombi moja tu, ambalo wanaosikiliza wanaweza kulitekeleza. Baba mkubwa hawezi kubadilisha Sheria ya Ndoa. Daftari la ukoo liko kabatini kwake. Kijana anayemwomba mzee kitu asichoweza kukitoa anampa nafasi nzuri ya kukataa vyote.

Rudia kusoma mpaka usiitegemee karatasi, halafu uishike hivyohivyo mkononi. Mkono unaotetemeka unahitaji cha kushika.

Neno "kuoana"

Chagua maneno yako mapema. Kuna majina ya kutukana ambayo yamezoeleka mtaani hadi watu wanadhani ndiyo Kiswahili. Usiyatumie hata unapomnukuu aliyeyasema. Mimi nilitumia "mwenza" na "mwenzake". Lugha yetu ina heshima hiyo, haikulazimishi kusema ni wa kike au wa kiume mpaka utake mwenyewe. "Mwenza wake anaumwa." "Mwenzake amempikia." Nimeongea na kaka kwenye simu mbele ya wateja mwaka mzima hivyo, na hakuna aliyeshituka.

Utata unakuja kwenye kitenzi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na swali la kwanza la baba mkubwa lilikuwa hilohilo: "Sasa nani ameoa na nani ameolewa?" Vijana wengi hapo wanakasirika. Usikasirike, mtu anauliza kwa sarufi aliyozaliwa nayo. Nilimjibu, "Wameoana, baba." Neno lipo tayari, tunaliimba kwenye harusi zote. Alilirudia taratibu, "wameoana", kama mtu anayeonja chumvi.

Maswali utakayoulizwa

Kanisa. Mimi nilisema tarehe 27 Desemba 2023, na siku tisa kabla yake, tarehe 18, Vatican ilikuwa imetoa tamko la kuruhusu mapadri kuwabariki watu walio kwenye mahusiano ya jinsia moja. Unaweza kufikiria Kibosho ilivyokuwa Noeli ile. Kila kwenye kikombe cha mbege, ni hilo. Nilikuwa nimelisoma, na hiyo ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nilikuwa karibu peke yangu. Tamko halikusema hao wafungishwe ndoa. Lilisema baraka isifanane na ibada ya ndoa, na ndoa ya Kanisa inabaki ya mwanamume na mwanamke. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema baraka hizo hazitafanyika kwao. Kwa upande wa Walutheri, majirani zetu wa Machame, maaskofu wa KKKT walishatoa matamko ya kupinga ndoa hizi, la Bukoba mwaka 2004 na la Dodoma mwaka 2010. Usiwadanganye wazee kwamba Kanisa liko upande wako. Sema: "Siombi padri amfungishe ndoa. Naongelea daftari letu, na sheria ya serikali." Mahakama na altare ni vitu viwili, na wazee wetu, ambao wengi walifunga ndoa ya bomani kabla ya ile ya kanisani, wanalijua hilo.

"Haya ni ya wazungu." Hapa nenda polepole. Maneno "kinyume cha maumbile" hayakuandikwa na mababu. Waingereza waliyaweka kwenye sheria ya jinai ya India mwaka 1860, kifungu cha 377, wakayasambaza kwenye makoloni yao hadi yakafika Tanganyika. India yenyewe, mwaka 2018, Mahakama yake ya Juu iliyaondoa kwa watu wazima walioridhiana. Msumbiji iliachana na sheria yake ya kikoloni mwaka 2015, Botswana mahakamani mwaka 2019, Angola mwaka 2021. Taja na yanayokuumiza: Kenya, mwaka huohuo wa 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa vifungu vyake, na Uganda mwaka 2023 ilitunga sheria kali zaidi. Ukiyataja yote mawili watakuamini.

Kuna anayependa kusema kwamba hata mila zetu zilikuwa na ndoa za wanawake wawili, akitaja nyumba ntobhu ya Wakuria wa Mara. Ni kweli mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwingine ili nyumba ipate watoto. Lakini pale hazungumzwi mapenzi, na baadhi ya wasichana wameumizwa na mila hiyo. Itaje kama unataka kuonyesha kwamba ndoa imekuwa na sura zaidi ya moja hapahapa nchini. Ukivuka hapo umeongopa.

"Kwa nini ndoa? Si wakae tu kimya?" Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake ni la msibani. Marekani walikuwepo wanaume wawili wa Ohio, James Obergefell na John Arthur. Arthur alikuwa anakufa kwa maradhi ya neva. Jimbo lao lilikuwa haliruhusu, kwa hiyo Julai 2013 walikodi ndege yenye vifaa vya hospitali hadi Maryland, wakaoana wakiwa ndani ya ndege palepale uwanjani, kisha wakarudi. Oktoba Arthur akafa. Walichokuwa wakigombania na jimbo ni mstari mmoja kwenye cheti cha kifo, ule unaotaja mwenza aliyebaki. Mstari mmoja wa karatasi ulifika hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Juni 2015, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ndoa hizo zikaruhusiwa nchi nzima. Nilipolisimulia hili nilikuwa nimeushika ule wasifu wa baba. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Na Afrika Kusini, anakoishi kaka: katiba yao ya mwaka 1996 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikaliagiza bunge lirekebishe sheria ya ndoa ndani ya miezi 12, na sheria mpya ikaanza tarehe 30 Novemba 2006. Hiyo ndiyo sheria iliyomfungisha ndoa.

Siku yenyewe

Usiseme wakati wa chakula cha Krismasi. Usiseme mbege ikishazunguka. Na usisubiri "mengineyo", maana kwenye mengineyo kila mtu ameshavaa koti. Mimi niliomba kwa mwenyekiti siku tatu kabla, nikiwa na shangazi pembeni, niwekwe kwenye "taarifa ya msiba", kabla ya michango.

Kama bado unalipiwa ada na hao unaotaka kuwaambia, subiri. Nasema hivi kwa uzito wote. Maliza shule. Kaka yako atakuelewa. Na hata kama unajitegemea, uwe na nauli ya kurudi mfukoni, simu iwe imejaa chaji, na mtu mmoja ajue uko wapi. Mimi nilikuwa nimeshaongea na rafiki yangu wa Majengo, Moshi mjini, kwamba naweza kulala kwake. Sikulala kwake, lakini mkoba wangu ulikuwa umefungwa.

Ilivyokuwa: baba mdogo alisimama katikati ya maneno yangu akatoka, hajaniitikia shikamoo hadi leo. Mama aliangalia chini muda wote. Baba mkubwa aliuliza lile swali la nani ameoa. Mzee mmoja wa upande wa bibi akasema hilo si la kuzungumzwa mbele ya watoto, na akakubaliwa. Isale ilipokelewa, ikawekwa juu ya meza karibu na daftari la mahudhurio, na mwenyekiti akasema "tumesikia", kisha tukaingia kwenye michango. Hakuna aliyepiga makofi. Niliporudi Arusha nilikaa kwenye basi nikidhani nimeshindwa.

Usiwafuate baada ya hapo kuuliza wameamua nini. Waache. Kaka nilimpigia usiku uleule, nikamsomea karatasi yote neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa ni yake kuisikia.

Kaburi lilijengewa Februari 2024. Kibao kina jina la baba na tarehe mbili, idadi ya watoto hawakuiweka kabisa, wala ya watatu wala ya wanne. Mwezi Julai baba mkubwa akanitumia picha nyingine kwa WhatsApp, mwandiko uleule wa peni: orodha ya michango ya kukarabati mfereji wa ukoo, niichape. Majina 43. Namba 17 ilikuwa jina la kaka yangu, majina matatu kamili, na mbele yake: 50,000, HAJALIPA.

Nilimtumia kaka kabla sijaanza kuchapa. Alilipa siku ileile. Baba mkubwa ndiye mhazini, kwa hiyo stakabadhi ameiandika mwenyewe: "Imepokelewa kutoka kwa", halafu jina. Nimeitoa kopi mbili.